Anamjibu Nani?

Kama umepitia sekondari hapa Kenya, kuna maswali ya ushairi unayoweza kuyajibu hata ukiamshwa saa nane usiku. Shairi hili ni la aina gani? Tarbia, kwa sababu kila ubeti una mishororo minne. Eleza umbo lake. Taja mifano miwili ya uhuru wa mshairi. Andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Unahesabu mizani kwa vidole, unapata alama zako, unafunga kitabu. Wengi wetu hatukukifungua tena.

Maswali hayo si mabaya. Shida ni swali moja ambalo halikuulizwa, na ndilo swali ambalo msikilizaji wa kwanza wa mashairi hayo angeanza nalo: huyu mshairi anamjibu nani?

Ushairi wa Mombasa na Lamu wa karne ya 19, kwa sehemu kubwa, ulikuwa mazungumzo. Mtu alisema, mwingine akajibu, wa tatu akaingilia, na mji mzima ukasikiliza. Ukimwondoa anayejibiwa, unabaki kama abiria wa matatu anayesikiliza jirani yake akiongea kwa simu. Unamsikia akicheka, akikasirika, akitoa onyo, lakini hujui upande wa pili umesema nini. Unaweza kusifu sauti yake, hata ukahesabu maneno yake. Kuelewa ni kitu kingine.

Mfano mzuri wa jambo hili ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Historia ya mashairi yake, tangu yalipotungwa hadi yalipotufikia, inaonyesha jinsi swali hilo lilivyopotea, na pia ni nani waliohangaika kulihifadhi.

Mji wenye kelele

Muyaka aliishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu mwaka 1840. Mombasa ya wakati huo haikuwa na utulivu. Iliongozwa na ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Omani, ambao kituo chao kilikuwa Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno katika miaka ya 1590. Wamazrui walikataa kuwa chini ya ukoo wa Busaidi uliokuwa ukitawala Omani. Kaskazini kulikuwa na Pate na Lamu, kila mji na hesabu zake. Ng'ambo ya bahari, Sayyid Said wa Omani alitaka mwambao wote uwe mkononi mwake. Kati ya 1824 na 1826 hata bendera ya Uingereza ilipepea Mombasa, baada ya Wamazrui kutafuta ulinzi kwa nahodha Owen, kisha London ikaukataa mpango huo. Hatimaye mwaka 1837 Sayyid Said aliushika mji, na utawala wa Mazrui ukaisha.

Muyaka alikuwa katikati ya haya yote. Alikuwa mtu wa Mvita kwelikweli, rafiki wa watawala wa Mazrui, na ulimi wake ulikuwa silaha ya mji. Husemwa kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Usemi huo umetiwa chumvi kidogo, maana mashairi ya kidunia yalikuwepo kabla yake. Waulize wanaosimulia habari za Fumo Liyongo. Lakini kuna ukweli ndani yake. Kazi nyingi za zamani tulizohifadhiwa ni tenzi ndefu za dini na mawaidha. Muyaka alitumia shairi fupi la mishororo minne na kusema nalo kila kitu: vita, siasa, mapenzi, njaa, marafiki wanafiki, mafumbo ya kumtoa mtu jasho.

Chukua bifu lake na Lamu. Karibu mwaka 1812, Mombasa na Pate ziliungana kuishambulia Lamu. Kabla ya mapanga kuchomolewa, maneno yalishatangulia. Muyaka aliwatungia Walamu mashairi ya kuwachokoza na kuwatishia. Upande wa Lamu alikuwepo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, naye hakunyamaza. Jibu lilipotoka lilivuka bahari, likafika, likasomwa, likazua jibu jingine. Vita vyenyewe vilipiganwa Shela, na Mombasa ikashindwa vibaya. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kwamba maji yalikupwa, vyombo vya wavamizi vikakwama mchangani, na waliokimbilia ufukweni wakakosa pa kutorokea.

Sasa fikiria unakutana na ubeti mmoja wa malumbano hayo kwenye karatasi ya mtihani, bila jina la Lamu wala Zahidi wala Shela. Utaambiwa utaje dhamira. Utaandika: "Mshairi anahimiza ushujaa." Utapata alama. Lakini mtu wa Mvita aliyesikia ubeti huo kabla ya Shela alisikia majigambo ya timu yake. Aliyeusikia baada ya Shela, akijua nani hakurudi nyumbani, alisikia kitu kingine kabisa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni kile ambacho wasikilizaji walikuwa wakikijua.

Kufuli la vina

Hapa ndipo umbo, lile tulilolichukia shuleni, linapoanza kuwa na maana. Shairi la aina hii lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 kwa 8, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Tulifundishwa kwamba hilo ni pambo, au sheria, au vyote viwili. Ukiitazama historia unaona kazi yake nyingine. Umbo ni kufuli.

Shairi likitembea kwa midomo, kila mdomo unaweza kuliharibu. Lakini ukiruka neno, mizani inapungua na sikio linashtuka. Ukibadilisha neno la mwisho, kina kinakataa. Msikilizaji anajua kwamba hapo pana kasoro hata kama hajui neno sahihi ni lipi. Ndiyo maana mashairi ya Muyaka yaliweza kukaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa bila kumomonyoka kabisa.

Umbo pia lilikuwa uwanja wa mchezo. Katika malumbano, anayejibu mara nyingi huchukua bahari ileile na vina vilevile vya mpinzani wake. Kwa hiyo hata kina kinaweza kuwa jibu. Ni kama kumwambia mtu: nitakupiga kwa fimbo yako mwenyewe. Msomaji anayehesabu vina bila kuuliza vilitoka kwa nani anaona ustadi wa fundi mmoja tu, kumbe walikuwa wawili wanavutana.

Sikujua aliyejua

Muyaka alipofariki hakuacha kitabu kilichochapishwa. Mashairi yalibaki kwenye kumbukumbu za watu na kwenye karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zilitumika mwambao kwa karne nyingi, lakini zilidai mengi kwa msomaji. Kiarabu cha kawaida hakina herufi ya p wala ch. Katika miswada mingi ya zamani, herufi moja ya ba iliweza kusimamia b, p, na hata mb. Alama moja ilibeba i na e, nyingine u na o. Aliyesoma ilimbidi alijue neno kwanza ndipo alisome. Kwa maneno mengine, maandishi yalimsaidia mtu anayejua mambo. Mgeni hakuambulia kitu.

Katika miaka ya 1880, Mombasa ilikuwa na mtu wa kufaa kazi hiyo. Jina lake lilikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Jina ni mzaha mzuri, kwa sababu Sikujua ndiye aliyejua. Alikuwa msomi na mshairi, na alikusanya mashairi ya Muyaka yaliyokuwa yakikumbukwa mjini, akayaandika, na kuyaeleza. Alimweleza William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa na masikio makini kwa lugha ya Mombasa. Taylor aliyanakili, akaandika maelezo ya maneno na matukio, na karatasi zake hatimaye zikaishia London, kwenye maktaba ya SOAS.

Hebu tulia kidogo hapo. Mmisionari Mkristo anakaa na mwalimu Mwislamu wa Mombasa, na wanachohangaikia ni mashairi ya mapenzi, kejeli na vita ya mtu aliyekufa miaka 40 na kitu kabla. Bila Sikujua, Taylor angekuwa na maneno asiyoyaelewa. Alichokuwa akipewa hasa ni majibu ya swali letu: hapa anamwambia fulani, hapa ni wakati ule, neno hili watu wa Mvita wanalitumia kwa kejeli. Huko ndiko kusoma. Sikujua hakuhesabu mizani tu. Aliurudisha ule upande wa pili wa simu.

Mnyororo uliendelea kwa njia za ajabu. Taylor alifariki 1927. Mwingereza mwingine, William Hichens, alizifanyia kazi karatasi zake, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mshairi wa Mombasa alipata kitabu chake karibu miaka 100 baada ya kifo, huko Afrika Kusini. Ilibidi kungoja hadi 1979 ndipo Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mzaliwa wa Mombasa, atoe kitabu kuhusu Muyaka kilichochapishwa hapa kwetu. Kitabu hicho kiliyarudisha mashairi kwenye siasa na maisha ya mji yalikotoka.

Wakati mnyororo huo ukisafiri, jambo jingine lilikuwa likitokea nyumbani. Mwaka 1928 wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana ili kuchagua Kiswahili cha kutumika shuleni na vitabuni. Walikichagua Kiunguja. Mkutano ulifanyika wapi? Mombasa. Lugha ya Muyaka ilipunguzwa cheo ndani ya mji wake mwenyewe, ikaanza kuitwa lahaja tu.

Uamuzi ule ulikuwa na faida zake. Bila Kiswahili sanifu pengine makala hii ingesomwa na watu wachache sana. Lakini tulilipa. Mshairi wa Mvita anaposema "mato" badala ya macho, au "nti" badala ya nchi, mwanafunzi wa leo anaandika kwamba huo ni uhuru wa mshairi, ametumia lahaja ili kupata vina au mizani. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi mtu hakuvunja sheria yoyote. Aliongea tu, vile watu walivyoongea Kibokoni na Kuze. Tumeifanya lugha ya mama yake ionekane ni hila ya kishairi.

Kutoka sokoni hadi Kamiti

Unaweza kusema: sawa, hayo ni ya kale, ya majahazi na masultani. Basi tuje karibu.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya ilikuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU, kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa mwaka huo, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa wingi nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka, kijana wa Mombasa wa miaka 22 aitwaye Abdilatif Abdalla aliandika kijikaratasi chenye kichwa *Kenya: Twendapi?* Kilisambazwa, kikasomwa, na mwenyewe akakamatwa. Alishtakiwa kwa uchochezi na akawa mfungwa kuanzia 1969 hadi 1972, Kamiti na Shimo la Tewa.

Abdilatif alilelewa katika jamaa ya washairi wa Mvita. Kwa hiyo alipofungiwa peke yake, alichofanya ni kile ambacho mtu wa mji ule hufanya akichokozwa: alijibu. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mashairi yakapenyezwa nje. Mwaka 1973 yakatoka kama *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Hata fasihi simulizi haina kejeli kama hiyo.

Soma sasa mashairi ya kitabu hicho ukiwa na swali letu mkononi. Shairi liitwalo "Mamba" linazungumza na mamba. Mtihani utakuambia mamba ni jazanda, na utapata alama yako. Lakini uliza: mfungwa aliye Kamiti, aliyefungwa kwa kuihoji serikali, anamwambia nani maneno hayo? Ghafla si swali la tamathali tena. Ni mtu mmoja, ndani ya seli, akimtazama machoni aliyemweka humo na kumwambia kwamba nguvu zake zina mwisho. Jazanda ilikuwepo kwa sababu jina halisi lingeweza kumwongezea kifungo.

Au tazama "Mnazi", ambamo watu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi mmoja na kila mmoja anadai haki yake. Ni malumbano yaleyale ya Muyaka na Zahidi, ila safari hii mshairi hana mpinzani wa kumtumia shairi. Yuko peke yake. Basi anaziweka pande zote mbili ndani ya shairi moja na kuliacha soko lote lisikilize. Ukijua kwamba nchi nzima wakati huo ilikuwa ikiuliza ni nani anafaidi matunda ya uhuru, mnazi unaacha kuwa mnazi.

Inauma kukiri, lakini katika kisa hiki msomaji makini kuliko wote alikuwa ofisi ya mashtaka. Wao walijua kwamba maneno yana anayeyasema na anayeambiwa. Sisi tulirithi kitabu, tukabaki tukihesabu mizani.

Mtafute "wewe"

Kuna hatari moja katika hoja hii, na ni vizuri kuitaja. Mtu anaweza kudhani kwamba bila shahada ya historia shairi halisomeki. Si kweli. Muyaka ana mashairi ya mapenzi ambayo hatujui mpenzi alikuwa nani, na bado yanachoma. Shela imekuwa ufukwe wa watalii, na majibizano yale bado yana moto. Shairi zuri lina uhai baada ya ugomvi wake kufa.

Lakini hata pale ambapo jina limepotea, anayejibiwa huacha nyayo ndani ya shairi. Mtafute. Kuna "wewe" hapo? Ni wewe wa heshima au wa dharau? Kuna mtu anaitwa kwa jina, kwa cheo, kwa jina la mnyama? Kuna "mwasema", "wanasema", "nimesikia"? Hapo mtu mwingine ameshaongea kabla ya mshairi kufungua mdomo. Kuna ubeti unaobadilisha sauti ghafla, kana kwamba kuna aliyemkatiza? Ukishajua kuna mtu upande wa pili, ndipo urudi kwenye vina na uone vinavyomfanyia kazi huyo mtu.

Jaribu na mashairi ya leo pia. Fungua ukurasa wa mashairi wa *Taifa Leo*, utakuta bado kuna mtu anauliza na mwingine anajibu, wakati mwingine kwa kina kilekile. Sikiliza vijana wanaopanda jukwaani Nairobi na Mombasa na mashairi yao ya Sheng. Nusu yao wanamjibu mtu: mzazi, polisi, mbunge, mpenzi aliyeondoka. Mkondo ni uleule, ingawa soko limehama.

Na ukikutana na shairi gumu, fanya alichofanya Taylor. Usikimbilie kamusi kwanza. Tafuta Sikujua wako. Pengine ni nyanya yako aliyeko Likoni, pengine ni mzee wa barazani, pengine ni mwalimu aliyestaafu ambaye hakuna anayemuuliza kitu siku hizi. Msomee ubeti huo kwa sauti, kisha umuulize: huyu alikuwa akimwambia nani? Kaa usikilize. Na kama anaruhusu, andika, kwa maana watu wa aina hiyo hawatungoji.